Ukali wa Gitaa Usiwameze Wenzake

Ikiwa nyumbani mwako yumo kijana mwenye gitaa la umeme, bila shaka umekwisha kuusikia mngurumo wake ukitikisa madirisha. Usidhani kwamba ni kelele tupu. Muziki wa metali, hasa ule wa kasi uitwao thrashi, una nidhamu yake, na mwenye kuipuuza huharibu kazi ya wenzake.

Mfano mzuri ni kundi la Metallica, lililoundwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1981. Mwezi Septemba 1986 mpiga besi wao, Cliff Burton, alifariki katika ajali ya basi huko Sweden. Nafasi yake akaichukua Jason Newsted. Mwaka 1988 kundi lilitoa santuri ambayo jina lake lilitaja haki kwa wote. Santuri hiyo iliuzwa kwa mamilioni, lakini Newsted mwenyewe hakupata haki: besi yake haisikiki, ila kwa kutega sikio sana. Steve Thompson, mmoja wa mafundi waliochanganya sauti hizo, alieleza baadaye kwamba mpiga ngoma, Lars Ulrich, ndiye aliyetaka besi ipunguzwe. Tena, besi ilifuata yale yale yaliyopigwa na gitaa, nalo gitaa lilikuwa limejaza sauti nzito hata mahali pa besi pakakosekana.

Kosa kama hilo hufanyika kila siku chumbani. Kijana aliye peke yake huzidisha sauti nzito na nyembamba, akaiondoa kabisa ile ya kati. Humpendeza, kwani sikio huisikia hafifu sauti nzito inapopigwa polepole. Akijiunga na wenziwe na kuongeza nguvu, uzito huo hugeuka uvumi, nalo gitaa hupotea kati ya ngoma na besi. Uzi mnene wa gitaa hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde, na ule wa besi mara 41. Basi chini ni makao ya besi; gitaa hutambulikana kwa sauti ya kati.

Anayetaka kuipanga sauti hiyo na afuate utaratibu huu. Kwanza, aviweke vitufe vyote vya amplifaya katikati. Pili, aongeze mkwaruzo kidogo kidogo, na akome mara tu nyuzi zinapoanza kunguruma. Mkwaruzo ukizidi, mapigo ya haraka hushikamana kama ugali uliokosa kusongwa. Tatu, apunguze sauti nzito mpaka kila pigo lisikike peke yake. Nne, sauti ya kati aipunguze akipenda, lakini asiifute.

Hata hivyo, ukali wenyewe hautoki katika vitufe. Hutoka mkononi. Ubavu wa kiganja uguse nyuzi karibu na mahali zinapofungiwa, na kila pigo liende chini kwa nguvu iliyo sawa. Mkono mlegevu hauponywi na amplifaya ya bei kubwa.

Mwisho, ajaribu sauti yake pamoja na wenziwe, si peke yake. Wapigao tarumbeta katika gwaride wanalijua jambo hili: tarumbeta moja ikipayuka, ngoma haisikiki, na askari hupoteza hatua. Kijana akishapanga gitaa lake, na amwulize mpiga besi: "Ndugu, unajisikia?" Akijibu la, vitufe virudishwe nyuma.