Sura ya Sita: Kabureta, Jeti na Pumzi ya Injini ya Mipigo Miwili

Katika sura zilizopita msomaji amekwisha kuiona injini ya mipigo miwili ikivuta hewa chini ya pistoni, ndani ya chemba ya krenki, kisha ikiipandisha juu kwa njia ya milango iliyotobolewa ubavuni mwa silinda, ikaiwasha na kuitapika katika ekzosi, kazi yote hiyo ikitimia kwa mzunguko mmoja tu wa krenki. Imebaki kuieleza kabureta, chombo ambacho, kwa udogo wa umbo lake na wa jeti zake za shaba, wengi hukidharau, na aghalabu hao ndio wajao kulipa gharama ya pistoni mpya. Nami naomba tangu hapa mwanzo ithibitike katika akili ya msomaji kwamba petroli katika injini hii si chakula tu. Petroli iingiapo ikageuka mvuke hutwaa joto la chemba ya krenki na la tumbo la pistoni. Na pale oili inapochanganywa katika tangi, petroli hiyo hiyo ndiyo tarishi pekee anayeifikisha oili kwenye beringi za krenki, kwenye pini ya pistoni na kwenye kuta za silinda. Basi mchanganyiko ukiwa mwepesi, yaani hewa ikazidi na petroli ikapungua, chuma hupatwa na misiba mitatu kwa pamoja: moto huzidi ukali, ubaridi hupungua na oili hupungua. Pistoni hutanuka kuliko silinda iliyoizunguka, ikanata, na injini ikanoki katikati ya mwendo. Pikipiki zenye pampu ya oili, mfano wa ile Autolube ambayo Yamaha waliileta mwaka 1964, zimeokolewa na msiba wa tatu, kwa kuwa oili yake haipiti katika jeti. Lakini ile miwili ya kwanza imebaki pale pale, nayo yatosha kuyeyusha kichwa cha pistoni.

Kabureta yenyewe haina siri kubwa. Ni njia ya hewa iliyobanwa katikati. Na hewa ipitapo mahali palipobanwa huongeza kasi na kupungukiwa na shinikizo, hata petroli iliyomo ndani ya bakuli chini yake, ikiwa imekalishwa kwenye usawa mmoja na boya na sindano yake, ikasukumwa na shinikizo la hewa ya nje kupanda katika jeti na kutawanyika mfano wa ukungu. Slaidi, inayovutwa na waya wa resi, hupanda na kushuka ikipanua na kufinya njia hiyo. Jambo la kukumbuka ni kwamba kabureta haiupimi uzito wa hewa. Huhisi tu mvuto wa hewa ipitayo, na kwa mvuto huo hutoa petroli. Na huko mbele tutaona jinsi jambo hili linavyomletea taabu mtu asafiriye baina ya pwani na milima.

Swali la kwanza ni ukubwa wa koo la kabureta, na hapa ndipo tamaa inapowapotosha vijana wengi. Ipo kanuni ya makadirio waitumiayo mafundi wa injini hizi: utwae ujazo wa silinda kwa lita, uuzidishe kwa idadi ya mizunguko ya krenki kwa dakika pale nguvu ya injini inapofikia kilele, utafute kipeuo cha pili cha zao hilo, kisha ukizidishe kwa namba iliyo baina ya 0.65 na 0.9, jibu utakalopata ni kipenyo cha koo kwa milimita. Tuijaribu kanuni hii kwa Yamaha DT-1, pikipiki iliyotolewa mwaka 1968 na kuwafungulia Wamarekani wengi njia za misituni. Ujazo wake ni sentimita 246 za mchemraba, na kilele cha nguvu yake ni kama mizunguko 6,000. Kipeuo tukipatacho ni 38 na ushei, na kabureta ya Mikuni waliyoifunga wenyewe ilikuwa ya milimita 26, maana yake walichagua namba ya 0.68, karibu na mwisho wa chini kabisa. Sasa twaa pikipiki ya mashindano ya motokrosi yenye ujazo wa 250, ambayo kilele chake ni mizunguko 8,000: kipeuo ni karibu 45, nayo hufungwa kabureta ya milimita 38, yaani namba ya 0.85. Ujazo wa silinda zao ni karibu sawa, lakini tafauti ya makoo ni milimita kumi na mbili, na waliozitengeneza hawakukosea hata mmoja wao.

Sababu ni kwamba koo jembamba huikimbiza hewa hata injini ikiwa inakwenda polepole, na hewa ikimbiayo ndiyo inayoweza kuivuta petroli na kuivunja katika matone madogo. Koo pana huipa injini nafasi ya kupumua katika mizunguko mikubwa, walakini chini ya hapo hewa huwa legelege, petroli hupanda kwa shida, na dereva akivuta resi ghafla injini hukwama kidogo kabla ya kuitika. Mtu aifungaye kabureta ya milimita 38 katika pikipiki ya kupandia vilima vya mawe ni kama aliyempa mtoto siwa ya wazee aipulize: pumzi anayo, lakini tundu la pembe limeishinda pumzi. Rai yangu, kwa yeyote aendeshaye katika njia za matope, mawe na miteremko, ambako injini hufanya kazi muda mwingi ikiwa resi imefunguliwa robo au nusu, ni achague koo dogo kati ya mawili anayoyafikiria, wala asijute.

Hata hivyo, si haki kuwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Ile pikipiki ya magurudumu manne, Yamaha Banshee, iliyotoka mwaka 1987 ikiwa na silinda mbili zenye jumla ya sentimita 347, ilikuja na kabureta mbili za milimita 26, moja kwa kila silinda; na wapenzi wake waendao katika machuguu ya mchanga ya Glamis, kusini mwa California, mara nyingi huziondoa na kufunga zilizo pana zaidi pamoja na ekzosi nyingine. Wana hoja. Mchanga huyashika magurudumu kama deni, na dereva apandaye chuguu hulazimika kufungua resi yote na kuiacha hivyo hadi kileleni. Injini haipati nafasi ya kukaa katika mizunguko midogo, kwa hiyo udhaifu wa koo pana haumfikii.

Ukubwa ukishaamuliwa, huja kazi ya jeti, na kabla ya kuigusa hata moja sharti fundi ayakinishe kwamba injini haivuti hewa kwa wizi. Mpira wa kabureta uliopasuka, gasketi iliyoungua, sili ya krenki iliyochakaa, vyote hivi huingiza hewa isiyopita katika kabureta, na mtu atabadilisha jeti mwezi mzima asifike popote. Chujio la hewa lisafishwe na kupakwa oili yake, boya lipimwe usawa wake, plagi iwe ya daraja la joto lililoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Kadhalika jeti isizibuliwe kwa waya. Naliona jambo hili likifanywa gereji baada ya gereji, na daima hunitia uchungu: shaba ni laini, tundu la jeti limetobolewa kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita, na waya wa chuma huliparuza na kulipanua hata namba iliyochongwa juu yake ikawa uongo. Petroli safi na pumzi ya kompresa vyatosha.

Kazi ya kupanga jeti huwa nyepesi sana kwa mtu aelewaye kwamba kila sehemu ya kabureta ina eneo lake la utawala, na kwamba maeneo hayo hugawanywa kwa uwazi wa slaidi, si kwa kasi ya chombo wala kwa mlio wa injini. Bandika kipande cha plasta nyeupe kwenye mkono wa resi na kingine kwenye nyumba yake, chora mstari mmoja kwenye kile kisichozunguka, na kwenye kile kizungukacho chora mistari ya kufungwa, robo, nusu, robo tatu na wazi kabisa. Sasa, chombo kikikohoa, utatazama mstari na kujua nani wa kulaumiwa. Tangu kufungwa hadi karibu thumuni, mtawala ni jeti ya mwendo mdogo pamoja na skrubu yake. Skrubu hiyo ikiwa upande wa chujio, nyuma ya slaidi, ni skrubu ya hewa, na kuikaza huuzidishia mchanganyiko uzito. Ikiwa upande wa injini ni skrubu ya petroli, na kuikaza huupunguza. Tafuta mahali pake pale injini inapozunguka kwa mizunguko mingi na iliyotulia: skrubu ya hewa ikitaka kufunguliwa chini ya mzunguko mmoja tangu ilipokazwa, jeti ya mwendo mdogo haitoshi, ikitaka kupita mizunguko miwili na nusu, jeti hiyo ni kubwa mno.

Baina ya thumuni na robo hutawala mkato wa slaidi, ule upande ulionyolewa chini yake, na mkato mrefu zaidi huleta mchanganyiko mwepesi zaidi. Hapa watu wachache hupata haja ya kubadili. Robo hadi robo tatu ni milki ya sindano ya slaidi, si ile ya boya, na jeti inamochezea, na hili ndilo eneo ambalo mwendeshaji wa njia mbovu huishi ndani yake saa nyingi, ilhali ndilo lisahauliwalo kuliko yote, kwa kuwa kila mtu hukimbilia jeti kuu. Sindano ina mifuo kichwani, aghalabu mitano, na klipu ndogo huishikilia katika mmojawapo; klipu ikipandishwa juu, sindano hushuka na mchanganyiko huwa mwepesi, ikishushwa, sindano hupanda na petroli huongezeka. Kosa la mfuo mmoja laweza kuitofautisha injini inayoitika kwa upole na ile inayosita katikati ya kilima.

Robo ya mwisho ni ya jeti kuu, na hii hutafutwa daima kwa kushuka kutoka juu. Anza na jeti ambayo kwa yakini ni kubwa mno; injini, resi ikiwa wazi yote, itabubujika na kukatakata, ikikataa kupanda mizunguko. Punguza hatua moja moja hadi mbubujiko uishe na ivute kwa sauti moja safi, kisha usiifuate tamaa ya kushuka tena. Anayeanza na jeti ndogo akapanda huipitisha injini katika eneo la hatari kabla ya kufika kwenye usalama, na huenda asifike. Ithibati hupatikana kwenye plagi: funga plagi mpya, tafuta njia ndefu iliyo wazi, vuta resi yote katika gia ya tatu au ya nne, kisha kamata klachi na uzime swichi kwa wakati mmoja, uache chombo kiteleze mpaka kisimame. Ukiifungua, usitazame ncha tu. Angaza tochi chini kabisa, pale kauri inapokutana na chuma, utafute pete ya rangi ya hudhurungi. Kauri nyeupe yenye vipunje vinavyong'aa ni habari mbaya, kwa maana vipunje hivyo ni alumini ya pistoni yako.

Namba za jeti nazo zina hila. Jeti kuu za Mikuni zenye umbo la pembe sita zimeandikwa kwa kiasi cha petroli kipitacho, ilhali namba za Keihin, kampuni nyingine ya kabureta, hutaja kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 150 ya huku siyo 150 ya kule, na mtu anayehama kutoka kabureta moja kwenda nyingine hana budi aanze upya.

Turudi kwenye hewa. Tuchukue mtu aondokaye Tanga asubuhi kwa pikipiki ya DT, mfano wa zile walizozitumia sana mabwana shamba na watu wa misheni katika nchi zetu, akafika Mombo, akapanda kona za Usambara hadi Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya bahari. Hewa huko ina uzito kama sehemu 87 katika mia za ule wa pwani, na nguvu ya injini itapungua kwa kadiri hiyo, wala hakuna jeti itakayoirudisha. Lakini petroli haipungui kwa kadiri ile ile. Hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili tu cha uzito wa hewa, hivyo mchanganyiko huzidi uzito kama sehemu 7 katika mia. Injini itabubujika kidogo na plagi kuwa nyeusi, ingawa haitadhurika, na mpita njia hana haja ya kufungua chochote. Mkazi wa Lushoto ndiye apunguzaye jeti kuu hatua moja au mbili na kushusha sindano mfuo mmoja. Joto nalo hufanya kazi kama mwinuko, kwa kuwa hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa sehemu 6 katika mia. Oili nayo isisahauliwe: atokaye kwenye kipimo cha moja kwa arobaini akaenda moja kwa ishirini, akidhani anaihurumia injini, ameondoa zaidi ya sehemu 2 katika mia za petroli ipitayo katika jeti, na amefanya mchanganyiko kuwa mwepesi kwa nia njema.

Hatari kubwa imo katika safari ya kurudi. Pikipiki iliyopangwa jeti zake Lushoto, ikiteremka hadi Tanga bila kurudishiwa jeti za pwani, itakuwa na mchanganyiko mwepesi kwa kila uwazi wa resi, na barabara iliyonyooka baada ya Mombo humshawishi dereva aifungue yote. Hata kabla ya kufika huko kuna kona za kuteremkia, ambapo dereva hufunga resi na kuiacha gia izuie mwendo. Krenki inazungushwa kwa nguvu na magurudumu, na kama oili imo ndani ya tangi, jeti ya mwendo mdogo peke yake ndiyo inayoipitisha. Kila baada ya kona chache akamate klachi, afungue resi kwa nukta mbili tatu hadi aone moshi wa buluu kwenye ekzosi, kisha aachie na aendelee kuteremka. Na afikapo Mombo asimame kivulini, aache chuma kipoe, afungue bakuli, abadilishe jeti kuu na arudishe klipu ya sindano kwenye mfuo wake wa pwani kabla ya kushika barabara ya Korogwe.