Pesa za utangamano wa vijana: Mifereji ipo, maji hayafiki mtaani

VIJANA kumi wa Likoni, Waislamu na Wakristo, wakiamua leo kuuzibua mtaro unaofurika kila masika na kuligeuza jaa lililo kando yake kuwa uwanja wa mpira, swali la kwanza litakalowakabili halitahusu dini. Litahusu pesa za kununulia makoleo, toroli na mifuko michache ya saruji.

Mfano huu ni wa kukisia, lakini mtaa haukuchaguliwa ovyo. Mnamo Agosti 1997, Likoni ilikuwa kitovu cha ghasia zilizowalenga wakazi wenye asili ya bara. Mnamo Agosti 2012, baada ya mhubiri Aboud Rogo kuuawa kwa kupigwa risasi, makanisa kadhaa ya Mombasa yalishambuliwa na waandamanaji. Machi 2014, watu waliojihami kwa bunduki waliwafyatulia risasi waumini waliokuwa kanisani papo hapo Likoni.

Kila mara baada ya misiba ya aina hii, vijana hutajwa mara mbili: kwanza kama washukiwa, kisha kama tumaini la amani. Kinachosahaulika ni kuuliza tumaini hilo litagharimiwa na nani.

Serikali haiwezi kulaumiwa kwamba haikufungua mifereji. Hazina ya Maendeleo ya Biashara za Vijana ilianzishwa mwaka 2006 kwa mtaji wa Sh1 bilioni. Mwaka 2013 ikafuata Hazina ya Uwezo, iliyotengewa Sh6 bilioni zilizokuwa zimewekwa kwa duru ya pili ya uchaguzi wa urais ambayo haikufanyika. Kwa mujibu wa kanuni za 2014, kikundi kingeweza kukopa kati ya Sh50,000 na Sh500,000 bila riba.

Tatizo liko katika neno hilo moja, kukopa. Kikundi kinachofuga kuku kitauza mayai na kulipa. Mtaro uliozibuliwa haulipi deni, wala mechi ya kirafiki baina ya vijana wa msikitini na wa kanisani haina faida ya kupeleka benki. Hivyo basi, vijana wanaotaka kujenga ujirani hulazimika kujifanya wafanyabiashara ili wapate fedha, na baadaye huhesabiwa miongoni mwa wadaiwa sugu.

Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa nayo ilibuniwa kwa sheria ya mwaka 2008, kufuatia machafuko ya baada ya uchaguzi yaliyosababisha vifo vya zaidi ya watu 1,100. Tume hiyo hufuatilia matamshi ya chuki, huhamasisha umma na imewahi kuanzisha vilabu vya Amani shuleni. Hata hivyo, haikuundwa iwe hazina ya kugawia vikundi vya mitaani ruzuku.

Kwa sababu hiyo, mzigo mkubwa umebebwa na wafadhili wa kigeni. Baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, fedha nyingi ziliingia nchini kwa jina la kuzuia itikadi kali. Hapa ndipo mambo yalipotatanika. Mfadhili hupendelea shirika lenye ofisi, mhasibu na hesabu zilizokaguliwa kwa miaka kadhaa. Shirika hilo hulitafuta lililo dogo, nalo dogo hulitafuta kundi la vijana. Kufikia hapo, kilichosalia mara nyingi ni chakula cha mchana, nauli na fulana iliyochapishwa kaulimbiu.

Kasoro nyingine ni ya heshima zaidi kuliko ya hesabu. Ili mradi wake ukubaliwe, kijana alitakiwa kueleza jinsi yeye na wenzake walivyo katika hatari ya kusajiliwa na magaidi. Anayesema kwamba mtaa wake ni mtulivu na angependa uendelee kuwa hivyo hana cha kujaza katika fomu. Sidhani kuna njia mbaya zaidi ya kumkaribisha mtu kwenye kazi ya amani kuliko kumtaka kwanza ajitangaze kuwa tishio.

Aidha, mfereji unaofunguliwa ng'ambo hufungwa ng'ambo. Mnamo Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limekoma kusimamia misaada hiyo.

Uhaba huu si wa Kenya pekee. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 2250 mnamo Desemba 2015, likizitaka nchi kuwashirikisha vijana katika ujenzi wa amani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu mashirika 399 ya vijana wa amani ulimwenguni ulibaini kwamba karibu nusu yalijiendesha kwa chini ya dola 5,000 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya Sh500,000 wakati huo. Asilimia 97 ya waliofanya kazi humo walijitolea bila mshahara.

Huenda msomaji akauliza: kwani makoleo na mpira vina uhusiano gani na utangamano? Je, si afadhali masheikh na wachungaji wakutane wazungumze?

Mwanasaikolojia Mmarekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi tofauti hupunguza chuki wanapokutana kwa masharti fulani: wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na mkutano wao uungwe mkono na wenye mamlaka. Semina ya hotelini hutimiza sharti la mwisho, pengine na la kwanza. Mtaro unaweza kuyatimiza yote manne.

Ushahidi wa karibuni zaidi watoka Iraq. Mtafiti Salma Mousa alifuatilia ligi za kandanda za Wakristo waliokuwa wamefurushwa makwao na kundi la Islamic State. Baadhi ya timu zilibaki za Wakristo watupu. Nyingine ziliongezwa wachezaji Waislamu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science, yalionyesha kwamba Wakristo waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kujiandikisha tena katika timu mchanganyiko na kumpigia kura mchezaji Mwislamu apewe tuzo ya uanamichezo. Miezi sita baadaye waliendelea kufanya mazoezi na Waislamu. Lakini uzuri huo haukuvuka mbali nje ya uwanja: kwa Waislamu wasiowafahamu, mwenendo wao haukubadilika sana.

Matokeo hayo yana funzo kwa anayegawa fedha. Mradi mmoja hauponyi mji. Miradi midogo mingi, kila mmoja mtaani mwake, ina nafasi kubwa kuliko tamasha moja la uwanjani lenye jukwaa na wageni waheshimiwa.

Lipo pia jambo ambalo wageni hulikosa. Likoni, tofauti ya dini hupandana na tofauti ya asili, na zote mbili hulalia juu ya ardhi: nani mwenyeji, nani wa kuja, nani ana hati na nani ni skwota. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyataja malalamiko ya ardhi ya Pwani katika ripoti yake ya mwaka 2013. Kikundi kinachochanganya misikiti na makanisa lakini kimejaa watu wa asili moja bado hakijachanganyika.

Ruzuku inayofaa basi ingekuwaje? Iwe ndogo, na itolewe kwa awamu, awamu ya pili ikifuata kazi ya kwanza kuonekana. Fomu iwe ya Kiswahili, kurasa mbili. Akaunti iwe na watia sahihi watatu wasiotoka katika dini moja. Risiti na picha za kazi zitoshe badala ya ripoti nene ambayo kijana humlipa mtu amwandikie. Mabaraza ya viongozi wa dini yanaweza kuwa wadhamini, kwani yanaaminika na yanawajua vijana kwa majina, mradi yasigeuke wenye mradi. Wazee wetu wana mazoea ya kukabidhiwa kipaza sauti na kusahau kukirudisha.

Muda nao ni sehemu ya fedha. Ruzuku ya miezi sita huisha kabla watu hawajazoeana vya kutosha kuweza kugombana na kupatana, na bila ugomvi wa kwanza kusuluhishwa hakuna ajuaye kama kikundi ni imara. Miaka miwili ya pesa kidogo ingefaa kuliko donge la miezi mitatu. Mkaguzi naye asije siku ya uzinduzi. Aje baada ya misimu miwili ya mvua, bila taarifa, atazame kama mtaro bado unazibuliwa na ni akina nani walioshika makoleo.