Tunashusha Asilimia

Karatasi ilibandikwa kwenye kioo cha steshenari moja jijini Dodoma, katikati ya bei ya kopi na bei ya kubandi: "Tunashusha asilimia." Maelezo mengine hayakuwepo, wala hayakuhitajika. Kwa mwanafunzi anayesubiri tasnifu yake ipitishwe kwenye Turnitin, programu ya kukagua mfanano wa maandishi, asilimia ni moja tu: ile inayoonyesha kazi yake inafanana kiasi gani na maandishi ya wengine.

Inashushwaje? Swali hilo lilinikaa kichwani hadi nilipompata mtu anayepokea mazao ya biashara hiyo. Ni mhariri wa jarida la kitaaluma, mhadhiri wa siku nyingi, aliyekubali kuzungumza kwa sharti kwamba jina lake na la jarida lisitajwe.

Njia ya kwanza, anasema, ni ya kitoto. Unaondoa herufi "a" na kuweka "a" ya Kirusi. Macho hayaoni tofauti, lakini kwa kompyuta hilo ni neno jingine kabisa. Wengine hupachika herufi nyeupe kwenye karatasi nyeupe. Siku hizi programu za kukagua mfanano hung'amua ujanja wa namna hii, na mhariri wangu anausimulia kwa kicheko.

Kicheko kinakatika akifika kwenye visawe. Hapo anachukua kalamu na kuandika sentensi ya mfano: ukame umepunguza mavuno ya mtama na uwele kwa wakulima wa Dodoma. Mshusha asilimia haisomi sentensi hiyo. Anabadilisha neno moja moja. Mavuno yanakuwa mapato, wakulima wanakuwa wafanyakazi wa shamba, ukame unakuwa kiangazi. Mashine inapita bila kugutuka. Lakini Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kiangazi huja kila mwaka, mtama ukivunwa na usipovunwa. Ukame ni balaa. Kiangazi ni kalenda. Na mkulima aliyepungukiwa mavuno ya chakula cha nyumbani si kibarua aliyepungukiwa mapato. Kwa hiyo, anasema mhariri, aliyeiba sentensi ya kweli ameirudisha ikiwa ya uongo, na sasa uongo huo una jina, chuo na mwaka, tayari kunukuliwa na mwingine.

Si ugonjwa wa Dodoma peke yake. Mwaka 2021 mtafiti Guillaume Cabanac wa Toulouse, Ufaransa, na wenzake Cyril Labbé na Alexander Magazinov walifichua makala za majarida ya kimataifa zilizojaa misemo ya ajabu: akili bandia ikiitwa fahamu ya kughushi, saratani ya matiti ikiitwa hatari ya kifuani. Programu za kubadili maneno zilikuwa zimefanya kazi ileile ya steshenari yetu, na wahakiki walikuwa wamepitisha.

Hapa mhariri anataka aeleweke: ripoti ya mashine haithibitishi wizi. Inaonyesha mfanano. Orodha ya marejeo, jina refu la wizara, nukuu halali, vyote hupandisha namba. Na makala iliyotafsiriwa nzima nzima kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili inaweza kupita na namba ndogo ya kupendeza. Ndiyo maana hasomi namba kabla hajasoma makala.

Akishuku, hufuata utaratibu wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzia Uingereza mwaka 1997. Anaweka maandishi mawili sambamba, anapima ukubwa wa kilichochukuliwa, kisha anamwandikia mwandishi kumtaka atoe maelezo, bila kumwita mwizi. Jibu lisiporidhisha, taarifa huenda kwa mwajiri wake au chuo chake. Shauri kwa kawaida haliishii polisi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda namna wazo lilivyoandikwa, si wazo lenyewe.

Nilimuuliza kuhusu msimamizi anayeweka jina lake mbele kwenye makala ambayo mwanafunzi ameiandika peke yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mashine haina safu ya hilo. Na mhadhiri anayehesabiwa machapisho ili apande cheo, naye anamlipa nani kushusha nini? Hakujibu, na mimi sikumlazimisha.

Kwa mwanafunzi aliyeshika bahasha ya steshenari, neno ni hili. Makala ikishachapishwa na wizi ukagundulika, hata baada ya miaka kumi, haifutwi ikapotea. Kwa kawaida jarida huiacha mtandaoni ikiwa na alama ya kubatilishwa, na taarifa ya sababu ambayo yeyote anaweza kuisoma bure. Jina linalobaki chini ya taarifa hiyo ni lako. La fundi wa steshenari halimo.