Saa Kuukuu Isiyo na Kovu

Kijana mwenye banda la mananasi pale Kiwangwa, kando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, alijifuta mikono kwenye kipande cha kanga, akanipa shikamoo, akanisogezea simu. "Mzee, hebu niangalizie hii saa. Mnada unafungwa saa kumi na mbili jioni."

Ilikuwa saa nane na nusu. Kwenye simu palikuwa na Seiko 5, saa ya mkono ya miaka ya 1970, uso wa buluu, inawaka kama imetoka kiwandani asubuhi ile. Muuzaji yuko India. Bei imefika dola 41. Marehemu baba yake alikuwa na Seiko aliyoletewa na shangazi kutoka Maskati, ikapotea familia ilipohama. Mdogo wake anaolewa mwezi ujao, naye atasimama mahali pa baba. Anataka asimame na saa ya namna ile mkononi.

Nilimwomba asipandishe bei kwanza. Nimekuwa nikinunua saa kuukuu kwenye minada ya mtandaoni kwa miaka kadhaa, na ya kwanza ilinigharimu. Picha zilikuwa nzuri mno. Ilipofika, fundi aliifungua mbele yangu, kutu ikamwagika mezani kama unga wa pilipili. Tangu siku hiyo, saa ya miaka hamsini isiyo na kovu hata moja hunitia wasiwasi kuliko yenye madoa.

Kijana huyu ana ujuzi wake. Nanasi analinyanyua kupima uzito, analigeuza kunusa kitako, anavuta jani moja la katikati kuona kama linang'oka kirahisi. Mnada wa mtandaoni humnyang'anya mnunuzi pua, masikio na vidole, humwachia macho tu, na hayo macho huona kile tu ambacho muuzaji amekubali kukionyesha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu picha zisizokuwepo. Tangazo la saa yake lilikuwa na picha tisa. Saba zilikuwa za uso. Moja ya mgongo, moja ya mkanda. Hapakuwa na hata moja ya mashine iliyofunguliwa.

Tukaukuza uso. Hapa ndipo penye thamani kubwa ya saa kuukuu, na ndipo panapodanganywa zaidi. India ina mafundi wengi hodari wa kupaka nyuso za saa upya, na Seiko na HMT, chapa ya huko huko India, zilizopakwa rangi hujaa minadani. Mashine ndani inaweza kuwa ya kweli, lakini uso umesuguliwa ukabaki bati tupu, ukapakwa rangi ambayo pengine kiwanda hakikuwahi kuitumia, kisha maandishi yakapigwa mhuri juu yake. Nikamwambia asiangalie rangi, aangalie herufi. Kwenye neno la pili chini ya jina la Seiko, tumbo la herufi A lilikuwa limejaa wino. Vijistari vya dakika upande wa kulia vilikuwa vinene kuliko vya kushoto, na kimoja kilipanda juu ya alama ya saa. Kiwandani Japani kazi kama hiyo isingepita.

Kisha tukashuka chini kabisa, ukingoni, chini ya namba 6. Seiko za wakati ule zina maandishi madogo sana pale, mtu huyaona kwa taabu: neno Japan na namba inayoanza na tarakimu nne za mashine. Nne hizo zinapaswa kufanana na nne za kwanza zilizochorwa mgongoni. Kwake pale chini palikuwa patupu. Mpakaji hakujisumbua kuyarudisha, au hakujua kama yalikuwepo.

Mgongo nao husema mengi kwa anayeujua. Mbali na namba ya mashine na ya kasha, kuna namba sita za utambulisho. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha O kwa Oktoba, N kwa Novemba, D kwa Desemba. Mashine ya 6119 yenye namba inayoanza na 24 ilitengenezwa Aprili 1972. Mgongo wa saa ya kijana ulisema 7009, ambayo ni mashine ya baadaye, wakati tangazo lilisema 6119 kwa tarakimu kubwa. Mfuniko wa saa moja ulikuwa umebanwa juu ya saa nyingine.

"Kumbe wameunganisha," alisema.

Wameunganisha, ndiyo, na hili halitokei kwa saa za dola arobaini peke yake. Novemba 2021, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza mjini Geneva saa ya Omega Speedmaster ya mwaka 1957 kwa zaidi ya faranga milioni 3.1 za Uswisi. Walikuwepo wataalamu, ukumbi na katalogi iliyochapwa kwa ustadi. Mwaka 2023 Omega yenyewe ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imekusanywa kutoka vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Aliyelipa faranga hizo alikuwa na kila msaada ambao mwenye banda wa Kiwangwa hana. Ndiyo maana nasema namba ndogo chini ya uso zina uzito kuliko sifa zote za muuzaji.

Nikamwonyesha na pembe nne zinazoshika mkanda. Kasha la chuma likitoka kiwandani huwa na kingo kali na mistari myembamba ya kusuguliwa inayokwenda upande mmoja. Likipigwa polishi mara mbili tatu, kingo hulainika zikawa kama sabuni iliyotumika wiki nzima, na namba za mgongoni hufifia. Chuma kilichoondoka hakirudi. Mkwaruzo ni afadhali, maana mkwaruzo haujaondoa umbo.

Rangi inayong'aa gizani inahitaji neno lake. Hadi miaka ya mwanzo ya 1960 viwanda vingi vilitumia radi (radium), madini yenye mionzi, na baadaye triti (tritium). Triti hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 na kidogo, kwa hiyo saa ya Uswisi ya mwaka 1970 yenye triti ya asili leo haiwezi kuwaka usiku. Muuzaji akikuonyesha picha ya gizani inayowaka kijani, ujue rangi ile imewekwa juzi. Ya radi ni jambo jingine: mionzi yake hudumu zaidi ya miaka elfu moja hata kama mwanga umekufa, na saa ya namna hiyo usiifungue mwenyewe jikoni mbele ya watoto.

Sisi watu wa pwani tuna mtego wetu pia. Sultani Qaboos wa Oman, aliyeingia madarakani Julai 1970, aliagiza Rolex zenye nembo ya nchi yake usoni, jambia na panga mbili zilizopishana, nyingi zikipitia duka la Asprey la London, akazitoa kama zawadi. Leo zina bei kubwa kuliko Rolex nyingine za aina ileile zisizo na nembo, na panapokuwa na bei pana mtu wa kuchora jambia. Familia nyingi za Unguja na Bagamoyo zina ndugu Maskati, kwa hiyo hadithi ya "alipewa babu na ikulu" hutuingia moyoni upesi. Hadithi hiyo idai karatasi, picha ya zamani, au mstari wa kalamu wenye tarehe.

Tukamwandikia yule wa India: tunaomba picha ya mashine, na video fupi. Katika picha zote saba za uso, mishale ilikuwa pale pale, saa nne na dakika nane, na tarehe ile ile. Saa inayotembea haikai hivyo. Jibu halikuja hadi mnada ukafungwa. Ilinunuliwa na mtu mwingine kwa dola 58.

Lakini kabla ya hapo, wakati akipekua, kidole chake kilisimama kwenye saa nyingine, mbaya ya sura. Kioo kimekwaruzwa hadi uso unaonekana kama kupitia ukungu, mkanda hakuna. Muuzaji yuko Dubai na ameandika mistari miwili tu: inatembea, inakwenda mbele dakika tatu kwa siku, haijafunguliwa muda mrefu. Picha ya tano ilionyesha mashine: doa dogo la kutu ukingoni, skrubu zisizotafunwa. Namba chini ya uso zilisomeka, zikalingana na za mgongo. Kidude cha kurekebishia kilikuwa mahali pake penye namba 4, pale sisi tunaposoma saa kumi. Nikamwambia ajumlishe kioo kipya, usafishaji, gharama ya kutuma na asilimia 18 ya VAT kabla ya kutaja bei. Hakunijibu. Alikuwa anaangalia kidirisha cha siku, kilichoandikwa kwa Kiarabu. Akaweka dola 35, hakuna aliyemfuata.

Wiki tatu baadaye nilipita tena. Saa ilikuwa imetoka kwa fundi Kariakoo, kioo kipya, kasha halikuguswa. Aliivua akanipa, kisha akaichukua tena kabla sijamaliza kuitazama, akavuta kile kidude na kuzungusha siku moja moja. Kila jina lilipopita alilisoma kwa sauti, polepole, kwani kwenye kidirisha kama kile ndipo baba yake alipomfundishia herufi za kwanza, kabla hajapelekwa madrasa.