Boda iliyokuwa ya hesabu: kabla hujanunua, uliza nani alikuwa ananunua oili



Huku kwetu minada ya korosho inaanza mwezi wa kumi. Hela zikishaingia, iwe ni kupitia MAMCU huku Masasi au TANECU kule Newala, watu wananunua pikipiki na kuzitoa kwa hesabu. Ikifika mwezi wa tatu au wa nne hela imekata, abiria wamepungua, pikipiki zinaanza kuuzwa. Unakuta picha kwenye grupu: "Chombo kipo safi, bei ya kutupa."

Na mimi niliingia hapo hapo. Nauza viatu na mabegi Masasi, wateja wangu wengi wapo Newala. Nikaona nimechoka kutuma mizigo kwa Hiace, nikatoa 1,200,000 kwenye mtaji nikanunua boda ya hesabu. Ndani ya miezi miwili nilibadilisha mnyororo na sproketi, shokapu za mbele, halafu injini ikafunguliwa, pistoni na ringi. Jumla 460,000. Kuna siku nilipanda Newala na oda 9 za sikukuu, ikanizimia mlimani. Wateja watatu wakaghairi. Hao hawajarudi mpaka leo.

Kwa nini ya hesabu inachoka hivyo? Tuseme inatembea kilomita 80 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwa mwaka ni karibu kilomita 25,000, tena kwenye mchanga na vumbi, imebeba abiria wawili na gunia juu. Dereva anatakiwa alete mfano 8,000 kila jioni, chombo sio chake. Siku akipata kidogo, kati ya hesabu na oili ataacha nini? Ataacha oili. Sio kwamba ni mtu mbaya, makubaliano ndo yako hivyo. Bosi naye anangoja hesabu tu, hata chombo hakioni.

Ndo maana swali la kwanza sio bei. Uliza: nani alikuwa ananunua oili, na fundi ni nani? Kama mwenyewe alikuwa anafanya sevisi, atakutajia fundi bila kusita. Nenda kwa huyo fundi ukaulize. Boda ya mkataba ina nafuu kidogo, maana dereva anajua mwisho wa siku itakuwa yake. Ila na yenyewe imepiga kazi, usiinunue kwa macho.

Ukienda kuiona, nenda na fundi wako, sio wa muuzaji. Angalia haya:

1. Shika injini kabla haijawashwa. Kama ni ya moto, walishaihangaikia kabla hujafika. Isubiri ipoe.

2. Ikiwaka, angalia egzosi. Moshi wa bluu maana yake inakula oili.

3. Usiamini kilomita za kwenye dashibodi, kebo inakatwa. Angalia raba za pedeli, kiti, na meno ya sproketi. Yakichongoka kama miba, imetembea sana.

4. Pitisha mkono kwenye fremu chini ya kiti na kwenye kerea. Kama ilishachomelewa, achana nayo.

5. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Ukiambiwa "kadi ipo sehemu", ujue inawezekana imewekwa dhamana kwenye mkopo. Hakuna kadi, hakuna hela.

6. Angalia deni la trafiki kwa namba ya pikipiki. Tangu 2021 faini ya boda ni 10,000 kwa kosa, ila makosa yakijaa ni hela nyingi. Andikishianeni mauziano, halafu nendeni wote TRA mkabadilishe umiliki.

Je, ni wazo zuri kununua? Hesabu mizigo yako kwanza. Ukituma mizigo 4 kwa wiki kwa 2,500, kwa mwezi ni 40,000. Hapo boda ya nini? Mafuta, oili na bima tu vinaizidi. Endelea kutuma kwa gari, mtaji uzunguke. Ukifika mizigo 5 au 6 kwa siku, hapo tafuta chombo. Na kwenye bei ya muuzaji ongeza hela ya matengenezo ya miezi mitatu. Mimi ningeweka pembeni 400,000 mapema, nisingegusa hela ya mzigo.

Hata ukitaka Noah au Probox iliyokuwa inakodishwa, swali ni lile lile: nani alikuwa anaitunza? Muuzaji akianza kujiumauma, rudi na hela yako nyumbani. Boda nyingine zitauzwa tu, msimu haujaisha.

Kazi njema.