Mto Kafubu Wajibu Swali la Ubatizo

"Mjomba, ni Yohana Mbatizaji aliyeanzisha kubatiza watu?"

Swali zuri hilo, mwanangu! Wakubwa wengi wamebatizwa, wamezeeka, na hawajaliuliza. Leo nakuachia mto wetu Kafubu ukujibu. Tega sikio.

"Mimi ni Kafubu. Naenda mto Luapula. Usiku naenda, mchana naenda, sisimami. Wayahudi wa kale waliyaita maji ya namna yangu maji yaliyo hai, yaani maji yanayotoka kwenye chemchemi na kutembea yenyewe. Ndugu yangu Yordani naye ni hai. Yeye alimwona Naamani, jemadari wa Shamu, akijichovya mara 7 mpaka ukoma ukamtoka. Na hiyo ilikuwa karne nyingi kabla ya Yohana."

"Kumbe Wayahudi walizama majini hata kabla ya Yohana?"

Walizama, mwanangu, walizama sana. Torati iliwaagiza. Mtu aliyegusa maiti alioga. Aliyepona ugonjwa wa ngozi alioga. Ndipo aingie Hekaluni, Yerusalemu. Pale penye mabaki ya Hekalu wachimbaji wamefukua mabwawa mengi ya kuogea, kila moja linaitwa mikve. Limechongwa ndani ya mwamba, lina ngazi za kushukia. Katika mengine ngazi zimegawanywa katikati: huku unashuka, kule unapanda ukiwa safi. Na maji yake huwezi kuyajaza kwa bidoni. Lazima mvua au chemchemi iyalete yenyewe.

"Walikuwa wachafu, Mjomba?"

Hapana. Mwangalie mgeni anayekuja kula bukari kwenu. Ameoga, amevaa shati jeupe, na bado Mama anamletea beseni anawe. Ananawa kwa heshima ya chakula na ya wenyeji. Myahudi alizama kwa heshima ya Mungu.

"Sasa Yohana alileta nini kipya?"

Hapo ndipo penye utamu. Katika mikve mtu hujizamisha mwenyewe, na kesho kutwa anaweza kurudi tena. Yohana alisimama Yordani, akawabatiza watu yeye mwenyewe, akawaambia waache dhambi. Yesu naye akaja, akashuka majini. Halafu wanafunzi wake wakabatiza kwa jina lake, mara moja tu katika maisha ya mtu. Yohana, Yesu, Petro: wote Wayahudi. Maji yale waliyajua tangu utotoni.

"Mbona kwa Wakatoliki padri anamimina kichwani, na wengine wanapelekwa mtoni?"

Ulijua kwamba Wakristo wa kwanza walishalijibu hilo? Walikuwa na kitabu kidogo kiitwacho Didake. Kinasema mtu abatizwe katika maji yaliyo hai. Yakikosekana, maji mengine yanafaa. Yakiwa machache, amiminiwe kichwani mara 3. Kwa hiyo wa mtoni na wa kanisani msichekane.

Mwanangu, hadithi hii haiko mbali nawe. Mjini mwetu lipo sinagogi. Lilijengwa mwaka 1930, wakati Lubumbashi ikiitwa Élisabethville. Wayahudi wengi wa hapa walitoka kisiwa cha Rhodes, wakaja kufanya biashara Katanga. Mwaka 1937 akaja rabi Moïse Levy, akawaongoza kwa miaka mingi. Wengi wao walishahama, lakini jengo bado limesimama. Naliheshimu sana, maana sala za mle ni ndugu za sala alizofundishwa Yesu na mama yake.

Na mpaka leo, mtu akitaka kuingia dini ya Kiyahudi, huzama kwenye mikve.

Leo jioni waulize wazazi wako: wewe ulimiminiwa maji au ulizamishwa, wapi, na nani alikushika? Wakikuambia, njoo unisimulie.