Nusu-Orki Hawezi Kuwa Mchawi? Nani Kasema?

Swali ni lilelile, na huja hata kabla dadu hazijatolewa mfukoni: jamii gani inafaa fani gani? Mgeni wa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons anaketi mezani, anafungua karatasi ya mhusika, na badala ya kusema anataka kuwa nani, anauliza kipi kina nguvu zaidi. Akiambiwa swali hilo halina jibu, anachomoa simu. Huko kuna jedwali lililopakwa rangi, bluu kwa chaguo zuri na nyekundu kwa baya, na kwenye safu ya mchawi nusu-orki kapakwa nyekundu. Mjadala umekwisha. Aliyekuja na hamu ya kucheza pandikizi la mtu lenye meno ya chonge na kitabu cha uchawi kwapani anaondoka akiwa nomu mfupi asiyempenda wala kumchukia.

Jedwali hilo ni danganya toto, na hesabu yake haihitaji hata kikokotoo.

Kwa kanuni za kitabu cha mchezaji cha 2014, ambacho bado kiko kwenye meza nyingi, mchezaji anaweza kuchukua alama 15, 14, 13, 12, 10 na 8 akazipanga atakavyo. Nomu wa miamba akiweka 15 kwenye Akili anaongezewa 2, anafika 17. Nusu-orki haongezewi kitu hapo. Nyongeza zake ziko kwenye Nguvu na Ustahimilivu. Ukitazama karatasi, pengo linatisha. Lakini kinachojumlishwa na dadu si alama yenyewe, ni ile nyongeza inayotokana nayo: 3 kwa nomu, 2 kwa nusu-orki. Wote wawili wakimrushia mshale wa moto goblini mwenye kinga ya 15, na kila mmoja akijumlisha pia nyongeza ya umahiri iliyo sawa kwa wote, nomu anahitaji kupata 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, na nusu-orki 11 au zaidi. Asilimia 55 dhidi ya 50. Uso mmoja wa dadu kati ya nyuso 20, basi. Hicho ndicho kinachopigiwa kelele zote hizi.

Na hapo ni pale tu Akili inapohusika. Uchawi wa usingizi, kwa kanuni hizohizo za 2014, haumuulizi mtu ana Akili kiasi gani. Mchezaji anatupa dadu tano za pande nane, wastani wake ukiwa kati ya 22 na 23, na viumbe walio karibu wanaanza kuanguka kuanzia mwenye uhai mdogo zaidi hadi jumla iishe. Goblini ana pointi 7 za uhai. Watatu chini, awe aliyeutamka ni nomu au nusu-orki. Vishale vya uchawi navyo havikosi kabisa. Uchawi wa ngao huongeza kinga kwa 5, mwenye Akili 15 sawasawa na mwenye 17. Mchawi wa ngazi ya kwanza anayejua kuchagua anaweza kucheza usiku mzima bila lile pengo kumgusa.

Sasa goblini apate zamu yake. Nomu na nusu-orki wetu, wote wakiwa wameweka 14 kwenye Ustahimilivu na kuongezewa 1, wana pointi 8 za uhai kila mmoja. Kitara cha goblini hujeruhi kwa dadu ya pande sita ukijumlisha 2. Dadu ikitua kwenye sita, ni pointi 8 kamili. Nomu anaanguka, anazimia, na zamu inayofuata mchezaji wake hatupi dadu ya uchawi tena. Anatupa dadu ya kujua kama anakufa. Nusu-orki, kwa kipaji cha jamii yake kinachotumika mara moja hadi apumzike kwa kirefu, anabaki wima na pointi 1. Zamu yake ikifika anamlaza goblini usingizi. Jedwali la rangi halikuwa na safu ya jambo hilo.

Mfano mzito zaidi ni kibeti wa milimani. Jamii hiyo huongezewa Nguvu, ambayo mchawi haihitaji hata chembe, kwa hiyo washauri wa mtandaoni humpita bila kumtazama. Wanasahau kwamba kibeti huyo huzaliwa akijua kuvaa deraya ya uzito wa kati. Deraya ya magamba yenye bei ya dhahabu 50, ikijumlishwa na Wepesi wa 14, inampa kinga ya 16. Mchawi wa kawaida mwenye Wepesi huohuo ana 12. Goblini humpiga wa kwanza mara 45 katika 100 na wa pili mara 65: nyuso nne za dadu, si moja. Kweli, mchawi wa kawaida anaweza kujikinga kwa uchawi akafika 15, ila atakuwa ametumia nafasi moja kati ya mbili za uchawi anazoanza nazo siku.

Imani kwamba jamii ndiyo huamua fani ina ukoo. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo huu mwaka 1974 kulikuwa na fani tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978 kibeti alikatazwa kabisa kuwa mchawi, na jamii zisizo za kibinadamu ziliwekewa kikomo cha ngazi katika fani nyingi. Toleo la msingi la 1981 lilikwenda mbali zaidi: elfi, kibeti na haflingi zilikuwa fani zenyewe, huchagui nyingine. Wizards of the Coast walifuta marufuku hizo katika toleo la tatu la 2000, ingawa nusu-orki bado alikatwa Akili. Katika toleo la nne la 2008 makato hayo nayo yakaondoka. Mwaka 2020 kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything kiliruhusu nyongeza zihamishwe popote, na kitabu cha 2024 kiliziondoa kwenye jamii na kuzifunga kwenye maisha ya mhusika kabla ya safari. Mwenye kucheza kwa kanuni za 2024 na bado anauliza nani kaumbiwa uchawi anagombea maiti ya sheria.

Kuna mahali jamii inauma kweli, na hapo hakuna anayeuliza. Kwa kanuni za 2014, haflingi au nomu akishika silaha nzito kama shoka kubwa la mikono miwili hutupa dadu mbili na kuchukua ndogo. Shoka hilo ndilo la kumnyima haflingi, si kitabu cha uchawi.

Kwa hiyo fani kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua mtu atafanya nini kila zamu. Asiyependa kusoma kanuni achukue mpiganaji au barbari. Mpenda maneno na hila awe mghani. Mpenda kunyatia, mwizi. Anayetaka uchawi bila kujuta achukue kuhani, maana hubadilisha orodha yake kila kunapokucha. Anayetaka kugeuka mnyama ni druidi kuanzia ngazi ya pili. Hadithi kwamba lazima mmoja ajitoe mhanga kuwa mganga wa kundi ipuuzwe. Chupa za dawa zinauzwa dhahabu 50. Kisha jamii, na isomwe kwa inachofanya: haflingi hurudia dadu ikitua kwenye 1, kibeti anaistahimili sumu, elfi halazwi kwa uchawi, tiflingi haungui kirahisi, mzawa wa joka hutema moto au baridi, na binadamu haoni gizani, kwa hiyo abebe mwenge.

Wanaocheza kwenye kompyuta wana kazi nyepesi zaidi. Baldur's Gate 3, iliyotolewa Agosti 2023 na Larian Studios ya Ubelgiji, inamwachia mchezaji aweke nyongeza ya 2 na ya 1 popote, awe wa jamii yoyote. Fani hubadilishwa kwa Withers, mmoja wa wahusika wa mchezo huo, kwa dhahabu 100, hata mara kumi. Jamii haibadilishwi.